Kusoma Gesi za Damu na Usawa wa Asidi na Besi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mgonjwa wa pumu anahema kwa nguvu, hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, na majibu ya gesi za damu yanaonyesha kaboni dioksaidi milimita 40 za zebaki. Kwenye safu ya viwango vya kawaida namba hiyo imekaa katikati kabisa, haina alama yoyote ya tahadhari. Lakini mtu anayepumua mara 35 kwa dakika alitakiwa awe ameshaipunguza kaboni dioksaidi hadi karibu na 30, pengine chini ya hapo. Akiwa bado na 40, misuli yake ya kupumulia imeanza kuchoka. Huyo si mgonjwa wa kurudishwa kwenye benchi asubiri. Ni wa kuitiwa mtu mwenye uwezo wa kuweka mpira wa hewa kwenye koo, sasa hivi.

Wengi wetu tulifundishwa kusoma gesi za damu kwa kulinganisha kila namba na kiwango chake cha kawaida, kisha kutaja jina: asidosisi (asidi imezidi) hii, alkalosisi (asidi imepungua mno) ile. Njia hiyo inatosha kufaulu mtihani, lakini kitandani inaangusha watu. Swali la kujiuliza kwa kila namba ni hili: kwa mgonjwa huyu, katika hali hii, ilitakiwa iwe ngapi? Hatua zote zinazofuata ni njia ya kulijibu. Zimeandikwa kwa ajili ya muuguzi, tabibu na mwanafunzi anayezishika karatasi hizi kazini. Kama wewe ni mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, zitakusaidia kuelewa unachoambiwa, ila uamuzi wa tiba ubaki kwa anayekuhudumia.

Mwili unalinda nini hasa

Kinachopimwa kwa pH ni chembe za haidrojeni zilizo huru kwenye damu. Ni chache mno: nanomoli 40 hivi kwa lita, wakati sodiamu ni milimoli 140, yaani zaidi ya mara milioni tatu. Pamoja na uchache huo, zikiongezeka au kupungua zinabadilisha umbo la protini, nguvu ya moyo kusukuma damu, na namna hemoglobini inavyoshika na kuachia oksijeni.

Mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, ndiye aliyeleta kipimo cha pH mwaka 1909, na kipimo hicho kina tabia mbili zinazowachanganya watu. Kwanza kinakwenda kinyume: asidi ikizidi, pH inashuka. Pili, hatua zake hazilingani na idadi. pH 7.40 ni nanomoli 40, pH 7.10 ni nanomoli 80, na pH 7.70 ni nanomoli 20. Kila pH inaposhuka kwa 0.3, asidi imekuwa maradufu. Kwa hiyo usiseme "imeshuka kidogo tu" mbele ya mgonjwa mwenye 7.10.

Kila siku mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban milimoli 15,000 za kaboni dioksaidi, na mapafu huzitoa zote. Juu ya hapo kuna asidi zisizoweza kutoka kwa pumzi, kama milimoli moja kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ambazo figo huzitoa kwa mkojo huku zikirudisha bikabonati, besi inayozima asidi, kwenye damu. Mapafu hujibu ndani ya dakika. Figo huanza ndani ya saa chache na huhitaji siku tatu hadi tano kumaliza kazi. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo itakayokuambia baadaye kama tatizo ni la leo au la miezi.

Uhusiano wa vitu hivi vitatu aliueleza Lawrence Henderson mwaka 1908, na Karl Hasselbalch akauandika kwa pH mwaka 1916. Huna haja ya logarithimu. Umbo la kazini ni hili:

haidrojeni (nanomoli) = 24 × kaboni dioksaidi (milimita za zebaki) ÷ bikabonati (milimoli)

Kwa mtu mzima mwenye afya: 24 × 40 ÷ 24 = 40. Tazama kwamba pH inaamuliwa na uwiano wa kaboni dioksaidi na bikabonati. Vyote viwili vinaweza kuwa vimeharibika vibaya na pH ikabaki 7.40.

Viwango vya kuanzia

Kwa damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya mtu mzima: pH 7.35 hadi 7.45, kaboni dioksaidi 35 hadi 45, bikabonati 22 hadi 26, oksijeni 80 hadi 100 akipumua hewa ya kawaida usawa wa bahari, besi ya ziada, inayoandikwa BE, kati ya −2 na +2, lakteti, ambayo hupanda seli zikikosa oksijeni, chini ya 2. Kama mashine yako inaandika kwa kilopaskali, zidisha kwa 7.5 upate milimita za zebaki: kaboni dioksaidi ya 5.3 ni sawa na 40.

Mjamzito ana viwango vyake. Homoni humfanya apumue zaidi, kaboni dioksaidi yake ya kawaida ni kama 28 hadi 32, na figo hushusha bikabonati hadi kati ya 18 na 22. Mjamzito mwenye pumu na kaboni dioksaidi ya 38 tayari ana shida, ingawa mashine haitakuonya.

Kabla ya kusoma: sampuli yenyewe

Sehemu hii huharakishwa, na matokeo mengi ya ajabu huzaliwa hapa.

Ateri inayochomwa zaidi ni ile ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Kabla ya kuchoma, hakikisha ateri ya upande wa pili inaweza kulisha kiganja: mgonjwa akunje ngumi, bana ateri zote mbili, afungue kiganja kikiwa kimepauka, kisha achia ile ya upande wa kidole kidogo uone rangi ikirudi ndani ya sekunde chache. Isiporudi, tafuta mkono mwingine. Choma kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, na kama bomba la sindano ni la gesi za damu, damu itapanda yenyewe kwa msukumo wa ateri. Ukimaliza, bana kwa nguvu angalau dakika tano, na zaidi kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Andika kwenye fomu anapumua oksijeni kiasi gani na joto lake ni ngapi. Bila kiasi cha oksijeni, nusu ya majibu hayasomeki.

Mambo ya kuchunga baada ya hapo:

- Viputo vya hewa vitoe mara moja. Hewa ya chumbani ina oksijeni ya karibu 150 na haina kaboni dioksaidi ya maana, hivyo kiputo huvuta namba zako kuelekea huko.
- Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ya maji ikibaki nyingi kwenye bomba huizimua damu: kaboni dioksaidi na bikabonati hushuka kwa uongo. Mabomba yenye heparini kavu huepusha hili.
- Pima ndani ya dakika 30. Seli za damu zinaendelea kula oksijeni na sukari, zikitoa kaboni dioksaidi na lakteti. Kwa mgonjwa wa saratani ya damu mwenye seli nyeupe nyingi mno, oksijeni inaweza kuporomoka ndani ya bomba wakati mgonjwa yuko salama.
- Baada ya kubadilisha kiwango cha oksijeni au mipangilio ya mashine ya kupumulia, mpe muda kabla ya kuchukua damu. Dakika 20 hivi zinatosha kwa wengi. Mwenye mapafu yaliyoziba anahitaji zaidi.

Je, damu ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) inafaa? Kwa pH na bikabonati, ndiyo, mara nyingi. pH ya vena ni chini kwa takriban 0.03, na bikabonati iko juu kwa moja au mbili. Kaboni dioksaidi ya vena iko juu kwa kama 5, lakini inayumba sana kwa mtu mwenye mshtuko (damu haifiki vya kutosha kwenye viungo), hivyo itumie kwa kuondoa wasiwasi tu: ikiwa kwenye vena haizidi 45, hakuna uwezekano mkubwa kwamba kwenye ateri imezidi. Oksijeni ya vena haikuambii chochote kuhusu mapafu. Kumchoma ateri mara kwa mara mgonjwa wa ketoasidosisi ya kisukari (asidi za ketoni zimejaa kwenye damu) ni kumtesa bila faida. Vena inatosha kufuatilia.

Hatua ya 1: Je, namba zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe?

Tumia ile kanuni ya 24. Ili upate haidrojeni kutoka kwenye pH bila kikokotoo, toa tarakimu mbili za mwisho za pH kutoka 80: pH 7.35 ni 80 − 35 = 45. Njia hii inashika vizuri kati ya 7.25 na 7.50. Nje ya hapo tumia jedwali.

Mfano: pH 7.35, kaboni dioksaidi 60, bikabonati 32. Hesabu: 24 × 60 ÷ 32 = 45. Zinakubaliana. Lakini ukipewa pH 7.35, kaboni dioksaidi 60 na bikabonati 22, hesabu inatoa 65, ambayo ni pH ya 7.19 hivi. Mtu amekosea kunakili, au bikabonati imetoka kwenye sampuli ya saa nyingine. Usiendelee kutafsiri namba zisizopatana, rudia kipimo.

Hatua ya 2: pH imeelekea wapi, na nani ameivuta?

Chini ya 7.35 ni asidemia, juu ya 7.45 ni alkalemia. Kisha tafuta kinachoelekea upande huohuo. pH iko chini na kaboni dioksaidi iko juu: asidosisi ya upumuaji. pH iko chini na bikabonati iko chini: asidosisi ya kimetaboliki, yaani isiyoanzia kwenye pumzi. pH iko juu na kaboni dioksaidi iko chini: alkalosisi ya upumuaji. pH iko juu na bikabonati iko juu: alkalosisi ya kimetaboliki. Vyote viwili vikivuta upande mmoja, una matatizo mawili tayari.

Mwili hufidia lakini haupitilizi. Fidia hurudisha pH kuelekea kawaida na kwa kawaida haiifikishi, achilia mbali kuivuka. Kwa hiyo pH ya 7.40 iliyokaa juu ya kaboni dioksaidi na bikabonati mbovu isikupe faraja. Inasema kuna nguvu mbili zinazovutana.

Hatua ya 3: Fidia ilitakiwa iwe kiasi gani?

Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Kanuni ni hizi:

*Asidosisi ya kimetaboliki.* Kaboni dioksaidi inayotarajiwa = 1.5 × bikabonati + 8, ikipungua au kuzidi kwa 2.

*Alkalosisi ya kimetaboliki.* Kaboni dioksaidi inayotarajiwa = 0.7 × bikabonati + 20, ikipungua au kuzidi kwa 5. Fidia hii ina mwisho, kwa sababu mwili hauwezi kupunguza pumzi hadi ukakosa oksijeni. Mara chache hupita 55.

*Asidosisi ya upumuaji.* Kwa kila kaboni dioksaidi inavyopanda 10 juu ya 40, bikabonati hupanda 1 ikiwa tatizo ni la ghafla, na 3.5 hadi 4 ikiwa figo zimepata siku za kufanya kazi.

*Alkalosisi ya upumuaji.* Kwa kila inaposhuka 10 chini ya 40, bikabonati hushuka 2 kwa tatizo la ghafla, na 4 hadi 5 kwa la muda mrefu.

Sasa tazama zinavyofanya kazi. Kijana mwenye kisukari ana pH 7.21, kaboni dioksaidi 18, bikabonati 7. Inayotarajiwa ni 1.5 × 7 + 8 = 18.5. Anayo 18. Mapafu yake yanafanya kazi yote yanayotakiwa kuifanya, na ule upumuaji wa kina na wa haraka unaouona ndio unaomweka hai.

Saa chache baadaye anaonekana ametulia, anahema polepole, na ndugu zake wanafurahi kwamba amepata usingizi. Kipimo kipya: bikabonati bado 7, kaboni dioksaidi 30. Atakayelinganisha na safu ya kawaida atasema kaboni dioksaidi "iko chini". Sisi tunajua ilitakiwa iwe 18.5. Ikiwa 30, amechoka, ana asidosisi ya upumuaji juu ya ile ya kwanza, na pH imeanguka hadi 6.99. Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa wa aina hii akihitaji kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia, mashine isipangwe kwa pumzi 12 za kawaida. Ukimnyang'anya zile pumzi nyingi bila kuzirudisha kwa mashine, moyo unaweza kusimama muda mfupi baada ya mpira kuingia.

Mfano wa upumuaji: wagonjwa wawili wana kaboni dioksaidi ya 60. Wa kwanza bikabonati 26, pH 7.26. Wa pili bikabonati 32, pH 7.35. Wa kwanza ni wa leo. Bikabonati imepanda 2 tu, huenda kuna dawa ya jamii ya morfini. Wa pili ameishi na hali hiyo muda mrefu, figo zake zimeshaizoea. Huyu wa pili akija siku nyingine na kaboni dioksaidi 80, bikabonati 34, pH 7.25, tatizo jipya limepanda juu ya lile sugu. Lengo lako ni kumrudisha kwenye 60 yake. Ukimfikisha 40 kwa mashine, utamwachia bikabonati nyingi isiyo na kazi, pH itaruka juu, na kumwondoa kwenye mashine kutakuwa kugumu.

Kosa la kusoma bikabonati peke yake lina historia. Mwaka 1952 mlipuko wa polio uliikumba Copenhagen, na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wakifa hospitali ya Blegdam. Damu yao ilionyesha bikabonati nyingi, na madaktari waliichukulia kuwa alkalosisi isiyoeleweka. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alisema hapana: hii ni kaboni dioksaidi iliyoshindwa kutoka. pH ilipopimwa ilikutwa chini, kama alivyosema. Wakaanza kutoboa koromeo na kusukuma hewa kwa mfuko wa mkono, wanafunzi wa udaktari wakipokezana usiku na mchana, na vifo vikapungua kwa kiasi kikubwa. Vitengo vya wagonjwa mahututi tulivyonavyo leo vilianzia hapo, na vipimo vya gesi za damu vya kitandani vilishika kasi kutokana na janga hilohilo.

Hatua ya 4: Pengo la anioni, kila mara

Anioni ni chembe zenye chaji hasi. Pengo = sodiamu − (kloraidi + bikabonati). Kawaida ni 8 hadi 12 hivi, kutegemea maabara. Likipanda, kuna asidi ya ziada kwenye damu ambayo kipimo cha kawaida hakiitaji jina: lakteti ya mshtuko au sepsisi (maambukizi yanayodhuru mwili mzima), ketoni za kisukari, njaa au pombe, mabaki ya figo zilizoshindwa, au sumu kama methanoli, maji ya kupozea injini na aspirini nyingi.

Likiwa la kawaida wakati bikabonati iko chini, basi bikabonati imepotea na kloraidi imechukua nafasi yake. Kuhara ndiyo sababu ya kwanza duniani. Mfano: sodiamu 138, kloraidi 116, bikabonati 12, pengo ni 10. Kaboni dioksaidi inayotarajiwa ni 26. Anayo 26, pH 7.28. Sababu nyingine ni magonjwa ya mirija ya figo, na drip nyingi za chumvi ya asilimia 0.9, ambazo zina kloraidi 154 kwa lita, juu sana kuliko damu.

Hesabu pengo hata kama pH na bikabonati ni za kawaida. Nasisitiza. Na usisahau albumini, protini ya damu, kwa sababu yenyewe ni sehemu kubwa ya pengo la kawaida. Kwa kila gramu 10 kwa lita ambazo albumini imepungua chini ya 40, ongeza 2.5 kwenye pengo. Mgonjwa aliyekonda mwenye albumini 20 na pengo la 14 kwa kweli ana pengo la 19. Wagonjwa mahututi karibu wote wana albumini ndogo, kwa hiyo ndio hasa ambao pengo lao hufichika.

Hatua ya 5: Bikabonati ingekuwa ngapi bila hiyo asidi?

Hatua hii watu huiruka wakidhani ni ya mabingwa. Ni kujumlisha tu. Chukua pengo lililozidi (pengo lake toa 12) na ulijumlishe kwenye bikabonati aliyonayo. Jibu ni makadirio ya bikabonati aliyokuwa nayo kabla asidi haijaingia. Likiwa kati ya 22 na 28, ni asidosisi moja. Likipita 28, kulikuwa na alkalosisi ya kimetaboliki iliyofichwa, au bikabonati iliyopandishwa na fidia ya mapafu sugu. Likiwa chini ya 22, kuna pia asidosisi ya pengo la kawaida.

Mfano ninaoupenda kuliko yote: mgonjwa wa figo ametapika siku kadhaa. pH 7.40, kaboni dioksaidi 40, bikabonati 24. Karatasi nzuri kuliko zote wodini. Sodiamu 142, kloraidi 90. Pengo: 142 − 114 = 28. Limezidi kwa 16. Jumlisha: 24 + 16 = 40. Huyu ana asidosisi kubwa ya figo na alkalosisi kubwa ya kutapika, kila moja ikiificha nyingine. Ukimzuia kutapika bila kushughulikia figo, kesho asubuhi pH itakuwa imeporomoka.

Hatua ya 6: Oksijeni, isomwe pekee

Oksijeni nayo ina swali lake: mapafu yalipokea ngapi? Usawa wa bahari, kwa hewa ya kawaida, oksijeni ndani ya vifuko vya hewa = 150 − (1.25 × kaboni dioksaidi). Toa oksijeni ya ateri. Tofauti inayokubalika kwa umri ni umri ÷ 4 + 4. Ukiwa nyanda za juu, ile 150 inapungua kulingana na msukumo wa hewa wa hapo.

Mtu aliyezidisha dawa ya maumivu: kaboni dioksaidi 64, oksijeni 60. Vifuko vina 150 − 80 = 70; tofauti ni 10. Mapafu yake ni mazima, hapumui vya kutosha tu. Mwanamke wa miaka 30 mwenye maumivu ya kifua: kaboni dioksaidi 28, oksijeni 75. Vifuko vina 115. Tofauti ni 40, wakati kwa umri wake ilitakiwa isizidi 12. Kumwambia ana wasiwasi tu na kumpa mfuko wa karatasi apumulie ni hatari. Tafuta damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu, au nimonia.

Kwa anayetumia oksijeni ya ziada ni rahisi kutumia uwiano: gawanya oksijeni ya ateri kwa sehemu ya oksijeni anayovuta. Mwenye 80 kwa oksijeni ya asilimia 50 ana 80 ÷ 0.5 = 160. Mtu mzima mwenye afya huzidi 400. Kwa jeraha kali la mapafu, tafsiri ya Berlin ya mwaka 2012 inagawa ukali kwa uwiano huu: 300 kushuka chini ni mdogo, 200 kushuka chini ni wa kati, 100 kushuka chini ni mkali, mgonjwa akiwa kwenye msukumo wa mashine.

Tahadhari moja: moshi wa moto au jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni monoksaidi hukaa kwenye hemoglobini mahali pa oksijeni, lakini oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu hubaki sawa, na kipimo cha kidoleni huonyesha asilimia 98. Mashine inayokokotoa kiwango cha hemoglobini iliyoshika oksijeni badala ya kukipima moja kwa moja nayo itadanganyika. Omba kipimo cha aina za hemoglobini, na usiondoe oksijeni wakati unasubiri.

Hatua ya 7: Rudi kitandani utafute sababu

Majina uliyopata hadi sasa si ugonjwa. Asidosisi ya upumuaji: angalia dawa za usingizi, udhaifu wa misuli, njia ya hewa iliyoziba. Alkalosisi ya upumuaji: maumivu, homa, sepsisi inayoanza, ini lililochoka, mimba, nyanda za juu, damu iliyoganda kwenye mapafu. Wasiwasi uwe wa mwisho kwenye orodha. Aspirini nyingi kwa mtu mzima husisimua kituo cha pumzi na wakati huohuo huleta asidi, hivyo alkalosisi ya upumuaji pamoja na pengo lililopanda ni mchanganyiko wa kukufanya uulize habari za vidonge.

Kwa alkalosisi ya kimetaboliki, pima kloraidi ya mkojo. Chini ya 20: kutapika, mrija wa tumboni unaonyonya, au dawa za kukojosha alizomaliza zamani. Drip ya chumvi na potasiamu vitamrekebisha. Juu ya hapo: dawa za kukojosha zinazoendelea, au homoni ya aldosteroni iliyozidi, ambapo chumvi haisaidii. Potasiamu ikiwa chini, figo haziwezi kuachia bikabonati hadi uirudishe.

Na kama kipimo kinapingana na mgonjwa, mathalani oksijeni 38 kwa mtu anayeongea vizuri na kucheka, huenda umechoma vena. Linganisha na kipimo cha kidoleni kabla ya kukimbiza mtu mahututi.

Kufuatilia

Kipimo kimoja ni picha ya dakika moja. Kinachosema ukweli ni mwelekeo, na lazima uchague namba sahihi ya kufuata. Kwa mgonjwa wa ketoasidosisi aliyepewa insulini na drip nyingi za chumvi, usifuate bikabonati peke yake. Saa 12 baadaye inaweza kuwa 15 tu, na mtu akaongeza insulini akidhani ketoni bado zipo. Hesabu pengo: sodiamu 140, kloraidi 114, bikabonati 15, pengo 11. Ketoni zimekwisha, kilichobaki ni kloraidi ya drip, na figo zitairekebisha zenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kwa mgonjwa wa sepsisi fuata lakteti kila saa mbili hadi nne mwanzoni, sambamba na mkojo na joto la vidole. Kwa mwenye pumu fuata kaboni dioksaidi pamoja na kasi ya pumzi kwenye mstari mmoja wa chati, kwa sababu kaboni dioksaidi inayopanda huku pumzi zikipungua hailingani hata kidogo na ile inayopanda kuelekea kawaida kwa mtu aliyefunguka kifua na kuanza kuongea.